Kalamu Mfukoni

Kuanzia Jumatano ya Majivu, Regis Hudak hakukaa kitako. Alikula amesimama, alisoma magazeti akizunguka gari lake, na kanisani alichagua kona ya nyuma ili aweze kutoka na kurudi bila kukanyaga miguu ya watu. Funguo zilimlia mfukoni mchana kutwa. Waliompenda walisema huyo ndiye mtu wa kazi, mwacheni aende Washington akawasumbue wale wavivu. Wasiompenda walisema mwenye dhambi hatulii. Wote walikuwa wakibahatisha tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa ikizunguka gari.

Alizaliwa juu ya bucha. Baba yake, Andy Hudak, aliwauzia watu wote wa Dunmire, mji wetu wa migodi bondeni, nyama na soseji kwa miaka arobaini, na mtoto alijifunza kusoma kwenye karatasi za kufungia nyama. Alikuwa na akili na alikuwa na hasira, na hivyo viwili vilimfikisha chuo cha sheria na baadaye ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu, kule jijini, mwendo wa saa moja na robo kutoka kwetu. Hakuhama. Kila siku alikwenda na kurudi, miaka kumi na tisa, na jioni bado ulimkuta dukani akinunua maziwa kama mtu mwingine yeyote.

Ukutani ofisini alitundika picha moja: timu ya mpira ya shule yetu, vijana ishirini na wawili wenye mabega mapana na nywele mbaya. Migodi ilipofungwa migongo ya watu ilibaki inauma, na vidonge vya maumivu viliingia bondeni kama vile mtu amefungua bomba. Kati ya wale ishirini na wawili, sita walikufa kwa vidonge. Wanne kati yao Regis aliwabebea jeneza. Ndipo alipoanza kukamata.

Na alikamata kweli. Katika msako mmoja tu aliwatia ndani watu arobaini na mmoja, na hapo ndipo bonde lilipogawanyika. Madaktari wawili wa hovyo walifungwa, na hakuna aliyewalilia. Lakini walifungwa pia vijana waliokuwa wakiuza vidonge vitatu ili wapate kumeza cha nne, wakapewa miaka kumi kwa makosa ambayo jaji wa kaunti angewapa miezi sita na karipio. Kina mama wengine walimbusu Regis mikono. Wengine walivuka barabara walipomwona anakuja. Na alifungwa Duane Sabol, mfamasia, mtu aliyewapa watoto peremende na kuwasomea wazee maandishi ya kwenye chupa. Huyo alipata miaka kumi na minne. Alikuwa amekwisha kaa sita Regis alipoacha kazi na kutangaza kwamba anagombea ubunge wa Marekani.

Kwetu Dunmire, mgombea anayetaka kura hapandi jukwaani wakati wa Kwaresima. Anabeba sinia. Kila Ijumaa, siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama, ukumbi wa zimamoto unakaanga samaki, na kuanzia saa kumi alasiri bonde zima lipo kwenye foleni: samaki, pirogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, tambi za kabichi, na mwisho saladi. Hakuna hotuba. Mgombea anafunga aproni, anawapelekea wazee chakula mezani, anafuta meza, anataniwa, ananyamaza. Mwaka fulani jamaa mmoja aliyetaka ujaji alianza kuihutubia foleni kabla watu hawajala. Alipata kura mia mbili, na nyingi zilikuwa za ukoo wake.

Meneja wa kampeni hakuyajua haya. Alikuwa kijana wa Washington aitwaye Tripp Lawler, mwenye viatu vya bei mbaya na simu mbili. Ijumaa ya kwanza aliingia ukumbini akitafuna mkate wa kuku. Bernadette, dada mkubwa wa Regis, alimnyang'anya kutoka mdomoni.

"We mtoto umelogwa? Kuku! Ijumaa! Mbele ya akina Mama Kostelnik!"

"Ni kuku tu, mama..."

"Ni kuku tu! Wangapi wamekuona? Hebu geuka. Mungu wangu, wote wamekuona. Reji, mtu wako keshatupotezea kata mbili, na bado hajameza."

Ukumbi mzima ulicheka. Regis naye alicheka, akabeba masinia mawili na kuanza kazi. Foleni ya chakula ilikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kila sinia lilipitia kwa wanaume wa zimamoto kwenye makarai, likapita kwenye pirogi, likaishia kwa mwanamke aliyesimama mbele ya beseni la saladi ya kabichi. Mwanamke huyo alikuwa Lorraine Sabol, mke wa mfamasia. Alikuwa akigawa saladi hapo tangu kabla mumewe hajafungwa, na hakuona sababu ya kuacha.

Kwa hiyo kila sinia alilobeba Regis ilimbidi alinyooshe mbele ya Lorraine. Naye aliweka kijiko kimoja cha saladi, hakupunja, hakuzidisha, hakusema neno. Masinia sitini kwa siku. Ijumaa ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Wasimamizi wa foleni walijua, watu wote walijua, na walitazama pembeni kwa adabu ileile inayotumika mtu anapochanika suruali.

Walichokuwa hawakijui ni hiki.

Wiki ya kwanza kabisa ya kazi yake, mkuu wake wa zamani alimfundisha sheria isiyoandikwa popote. "Ukiingia chumbani na shahidi," alimwambia, "kalamu mfukoni. Mpelelezi ndiye anaandika. Ukiandika wewe, ile karatasi yako kesho inadaiwa na wakili wa utetezi, na keshokutwa unageuzwa shahidi kwenye kesi yako mwenyewe. Sikiliza, uliza, lakini usiandike." Wote walifanya hivyo. Hawakuona ubaya wowote, kama vile daktari asivyoona ubaya wa kunawa mikono. Kilichoandikwa na mpelelezi kilikuwa kimesemwa. Ambacho hakikuandikwa kilibaki hewani, kikatoka na watu mlango ulipofunguliwa.

Katika kesi ya Sabol shahidi mkuu alikuwa Rodney Fike, mtu aliyechapisha vyeti bandia vya daktari na kuwatuma watu wakachukulie dawa. Kikao cha kwanza kilifanyika tarehe kumi na nne Machi, mwaka mmoja kabla ya kesi. Mpelelezi alikuwa Wendell Oakes, mzee mwenye mwandiko wa polepole. Fike alieleza vyeti, karatasi, mashine. Kisha akacheka na kusema, "Yule mzee Sabol alikuwa msumbufu. Kila cheti lazima apige simu kwa daktari kuhakikisha. Kwa hiyo namba niliyochapa kwenye vyeti haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya binamu yangu Crystal. Anapokea anasema, kliniki hapa, nikusaidie nini? Mzee anashukuru, anatoa vidonge."

Oakes aliacha kuandika. Aliinua uso akamtazama Regis. Regis alitazama dirisha.

Hakumwambia asiandike. Hilo alijikumbusha mara nyingi sana miaka iliyofuata: hakumwambia asiandike. Taarifa ilipotoka ilikuwa na kurasa nne, na Crystal hakuwemo. Kwenye kikao cha tatu Fike, ambaye sasa alikuwa ameahidiwa kupunguziwa miaka, alisema Sabol alijua kila kitu na alikuwa akifumba macho. Hayo Oakes aliyaandika, kwa mwandiko mzuri. Regis aliyaamini. Aliyaamini kwa sababu vidonge vilivyotoka kwenye duka lile vilikuwa vingi mno, na kwa sababu wawili katika ile picha ya ukutani walichukulia pale. Fike alikuwa mwongo, sawa. Lakini nani angejua alidanganya siku ipi?

Sabol alipopanda kizimbani alisema alipiga simu. Kila mara, alisema, alipiga. Kampuni ya simu ilikuwa imekwisha kufuta kumbukumbu za zamani. Na Regis alipowahutubia wale raia kumi na wawili wa jopo la waamuzi kwa mara ya mwisho, alisimama katikati ya chumba, mikono wazi, akasema maneno ambayo gazeti la kaunti liliyachapa kesho yake kwa herufi kubwa: "Anasema alipiga simu. Haya. Nani aliipokea? Nileteeni huyo mtu!"

Sasa Fike alikuwa amekufa, vidonge vyake mwenyewe vimemmaliza. Oakes alikuwa amestaafu na kufa kwa moyo. Aliyebaki duniani na maneno yale ni Regis peke yake, pamoja na funguo zake.

Ijumaa ya nne Lorraine aliongea.

Regis alinyoosha sinia. Lorraine alichota saladi, lakini kijiko kikabaki juu.

"Regis."

"Naam, Bi Sabol."

"Niite Lorraine, bwana, mama yako alinisuka nywele siku ya harusi yangu. Nina jambo. Siyo la ugomvi."

Mzee wa pirogi alianza kuhesabu pirogi ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

"Siku ile mahakamani uliuliza nani alipokea simu," Lorraine alisema. "Ukasema mlete huyo mtu. Nikasema, sawa, ni haki yake kuuliza. Nimekuwa nikimtafuta. Miaka sita, Regis. Nimegonga milango ya Dunmire yote, nikamaliza Coaldale, nikapanda mpaka kule kwenye nyumba za magurudumu. Nimefukuzwa na mbwa. Mtu mmoja alinimwagia maji. Sina kipaji hicho, unajua, mimi nilikuwa naandika bei tu dukani. Wewe ndiye unayejua kutafuta watu. Sasa huna kazi ile tena, nikaona labda hakuna kinachokuzuia. Ungenisaidia kumtafuta?"

Regis alisogeza sinia karibu na beseni.

"Kura nitakupa vyovyote," Lorraine aliongeza. "Wewe ni mtoto wa Andy. Sikuombi kwa kura."

"Nitaangalia," alisema Regis. "Nitaangalia, Lorraine."

"Asante, mwanangu." Akaangusha saladi kwenye sinia, akanyoosha mkono kwa sinia la pili.

Regis alifikisha yale masinia mawili, kisha akatoka nje na aproni kiunoni, akatembea. Alipita kanisa la Mtakatifu Mikaeli, akapita bucha ya baba yake ambayo sasa ni duka la sigara za mvuke, akapita mtaa mzima wenye vibao vyenye jina lake kwenye majani ya mbele ya nyumba. HUDAK. HAKUMWOGOPA MTU. Aliona haya, haya ya kitoto inayochoma masikio. Mwanamke yule alikuwa amelichukua swali la majivuno, swali lililotupwa ili kupendeza jopo, akalifanyia kazi miaka sita kama agizo.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alisimamisha gari mbele ya duka la mashine za kufulia kule Coaldale, ambako simu mbili tu zilimwonyesha kwamba Crystal anafanya kazi. Alijiambia anakwenda kuhakikisha tu. Kama Fike alidanganya ile siku ya kwanza, kama huyo Crystal hakujua lolote, basi mambo yamekwisha, na atamwambia Lorraine kwa moyo mweupe kwamba hakuna mtu. Aliomba iwe hivyo. Alimwomba Mungu, na alijua anaomba nini.

Crystal alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye meno ya bandia mapya, akikunja mashuka ya hoteli. Alimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Ala! Mheshimiwa mwenyewe. Umekuja kuomba kura ama kunifunga?"

"Siwezi kukufunga. Sina kazi hiyo tena, na muda wa kukushtaki umeshapita."

"Basi shika ncha ile, unisaidie kukunja."

Alishika. Walikunja mashuka manne, matano. Kisha Regis akamuuliza kama aliwahi kumpokelea Rodney simu.

"Za yule mfamasia?" Crystal hakusita hata kidogo. "Kila wiki. Mara tatu, mara nne. Masikini, alikuwa na adabu! Ananiuliza mtoto wangu wa kwanza anaendeleaje, kwa vile alimsikia analia nyuma yangu. Anadhani kliniki ina mtoto." Alicheka kidogo, akaacha. "Nina miaka minne sijagusa kidonge. Kwenye kikundi chetu cha walioacha tunaambiwa tuandike majina ya tuliowakosea. Yeye ni wa pili, baada ya mama."

"Kwa nini hukusema?"

Crystal aliweka shuka chini. "Kusema kwa nani? Nilikuwa nimelewa miaka ile, nilikuwa naogopa kivuli changu. Mama Sabol alipogonga mlango nilijificha bafuni. Lakini ninyi nilijua mtakuja. Rodney aliniambia, 'Nimewatajia jina lako, kaa tayari.' Nikakaa tayari. Nilijisemea, wakija nitasema, yaishe. Hamkuja." Akamtazama usoni. "Kwa nini hamkuja, mheshimiwa?"

Regis alishika funguo mfukoni. Alitoka akaendesha gari mpaka mafuta yakakaribia kwisha, bila kwenda popote. Mlango wa mwisho aliokuwa amejiwekea wa kutorokea ulikuwa umefungwa. Duane Sabol alipiga simu. Alipiga kila mara. Na mtu aliyesimama mahakamani na kumfanya mwongo alikuwa anajua nani aliipokea.

Siku mbili alizungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Jumatano mchana aliwaambia wawili, dada yake na Lawler, katika ofisi ya kampeni iliyokuwa zamani duka la viatu. Alieleza akitembea kutoka rafu hadi rafu.

Lawler alisikiliza mpaka mwisho, na kwa haki yake niseme hakushangaa kwa kelele. Alifunga mlango. "Tunaongoza kwa pointi tisa," alisema. "Mchujo ni tarehe ishirini Mei. Kaa kimya mpaka hapo. Ukishinda, tafuta wakili mzuri, umtoe mzee kwa njia ya taratibu. Wiki nane. Mtu amekaa miaka sita, wiki nane zitamuua?"

Ilikuwa hoja nzuri. Hilo ndilo lililomtisha Regis, kwamba ilikuwa hoja nzuri na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuifikiria, karibu neno kwa neno, akiwa barabarani.

"Na leseni yako ya uwakili," Lawler aliendelea, "hiyo ukisema leo imekwenda. Na kila mtu uliyemfunga ataomba kesi yake ifunguliwe. Wote arobaini na mmoja. Na wale kina mama wanaokubusu mikono, utawaambia nini?"

Regis alimgeukia dada yake. Bernadette alikuwa akibandika stempu kwenye bahasha, na hakuwa ameacha kubandika.

"Sema, Berna."

"Niseme nini? Mimi mwanasheria?"

"Sema tu."

"Ulikuwa na miaka saba, labda hukumbuki. Wiki ya Krismasi friji ya bucha iliharibika, baba akauza nyama asubuhi nzima bila kujua. Mchana akajua. Alifanya nini? Alifunga duka akazunguka mji mzima kwa miguu, anagonga milango, anasema nimewauzia nyama mbovu, nirudishieni. Wengine walikuwa wameshaipika. Mama alilia kwa aibu." Akalamba stempu nyingine. "Hakungoja Krismasi ipite ili wateja wasikimbie. Lakini wewe ni mtu mkubwa. Fanya hesabu zako za pointi tisa."

"Unanitukana."

"Ndiyo. Nakutukana. Kaa chini, unaniumiza kichwa."

Hakukaa. Ijumaa ya tano hakwenda ukumbini kabisa, akasingizia mafua. Ya sita alikwenda na akahamia upande wa kufuta meza, mbali na beseni la saladi. Lorraine alimwinulia kijiko kwa mbali, salamu ya mtu anayengoja bila haraka. Regis alirudi nyumbani akajiita majina ambayo hayaandikiki.

Ijumaa Kuu foleni ilitoka nje ya ukumbi ikazunguka gari la zimamoto mara mbili. Mafuta yalichemka, watoto walikimbizana, redio ilipigwa chini kwa heshima ya siku. Regis alifunga aproni. Hakuchukua sinia. Alipita nyuma ya meza, akasimama karibu na Lorraine, bega kwa bega, akaongea bila kumtazama kwa sababu asingeweza vinginevyo.

"Anaitwa Crystal Fike. Anafanya kazi kwenye mashine za kufulia, Coaldale. Yeye ndiye aliyepokea. Atasema mbele ya jaji, nilirudi nikamuuliza."

Kijiko kiliangukia kwenye beseni. "Umempata! Mungu wangu, Regis, umempata. Wiki tatu tu! Mimi miaka sita..." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye siki na kabichi, akaanza kulia na kucheka. "Nilijua. Nilisema, yule akitaka..."

"Lorraine, ngoja. Sikumtafuta."

"Eti?"

"Nilikuwa namjua. Fike alinitajia. Kabla ya kesi. Nilijua siku ile nilipouliza."

Alichukua muda kuelewa, na Regis alilazimika kusimama pale akitazama uso ule ukielewa polepole. Alikuwa amewahi kuwaona watu mia tatu wakisomewa hukumu. Hakuwahi kusimama karibu namna hii.

Lorraine hakumpiga. Alimwachia mkono, akaufuta mkono wake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Watu wa mbele kwenye foleni walikuwa na masinia yao yamenyooshwa, na hakuna aliyesogea.

"Yule wa mbwa," alisema mwisho. "Nilishonwa nyuzi tisa."

"Najua. Nilisikia."

"Ulisikia." Akatikisa kichwa. "Duane anapiga simu kesho saa sita mchana. Kila Jumamosi, dakika kumi na tano, kisha wanakata. Utakuja nyumbani. Utaipokea wewe. Mimi siyasemi haya kwa niaba yako."

Akaokota kijiko, akakifuta, akawawekea saladi waliokuwa wakingoja.

Asubuhi ya Jumamosi Regis alimpigia wakili wa Sabol akamweleza yote, tarehe kwa tarehe, kisha akampigia mhariri wa gazeti la kaunti. Alijitoa kwenye kinyang'anyiro, ingawa karatasi za kura zilikuwa zimekwisha kuchapwa na jina lake lingebaki humo. Lawler aliondoka kabla ya saa nne. Mchana haujafika, mtu alikuwa amekwisha kung'oa vibao vya mtaa mzima, na hakuna ajuaye kama ni adui au ni rafiki aliyeona uchungu.

Saa sita kasoro tano alikuwa jikoni kwa Lorraine. Bernadette alikuja naye akabaki amesimama mlangoni. Kwenye meza palikuwa na kikapu cha Pasaka tayari kupelekwa kanisani kubarikiwa, mayai, mkate na nyama ya nguruwe, na simu ya mezani. Regis alikuwa amesimama. Lorraine alivuta kiti kwa mguu.

"Kaa."

Alikaa.

Simu ililia. Sauti ya mashine ilisema inatoka gereza la serikali kuu, bonyeza tano kukubali. Regis alibonyeza. Lorraine alinyoosha kidole akafungua kipaza sauti.

"Lori? Kikapu kimeshabarikiwa?" Ilikuwa sauti ya mzee, nyembamba kuliko alivyoikumbuka.

"Bwana Sabol, ni Regis Hudak. Niko jikoni kwako. Lorraine yupo hapa, mzima, hakuna msiba. Nina jambo la kukuambia, nisikilize mpaka mwisho."

Alisema. Alisema jina la Crystal, namba ya kwenye vyeti, tarehe kumi na nne Machi, na dirisha alilolitazama. Hakujitetea, ingawa maneno ya kujitetea yalikuja mdomoni mara mbili akayameza. Kwenye simu zilisikika sauti za wanaume wengine kwa mbali, na mlango wa chuma.

Regis alingoja kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Angelipokea kama mshahara.

"Crystal," Duane alisema taratibu. "Sauti ya msichana. Kulikuwa na mtoto analia nyuma yake?"

"Ndiyo."

"Nilimuuliza habari za mtoto?"

"Ndiyo, Bwana Sabol. Kila mara. Ameniambia mwenyewe."

Mzee alivuta pumzi, ikatoka vibaya. "Ulivyosema siku ile mahakamani, mwanangu, ulisema vizuri mno. Nimeyasikia kila siku. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hakika. Wa pili, nikaanza kujiuliza. Nikasema labda nilikusudia kupiga, labda nilikuwa nimechoka. Mwaka huu nilikuwa nimeshakubali. Nilishamwungamia padri wa hapa, kwamba sikupiga, nikawaua vijana wa watu."

Lorraine alisogeza simu karibu yake.

"Lori," Duane aliita. "Upo? Umesikia? Nilipiga, Lori. Nilipiga kweli."